SOMO LETU: KUUSOMA MWELEKEO WA MVUA



Somo la safari hii linahitaji kalamu na karatasi. Ninyi mnaosoma kwa vikundi, mchagueni mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, naye awe karibu na taa. Somo lenyewe lahusu mvua, na hasa lile tangazo linalotolewa kila mwaka kabla ya kupanda. Wengi wetu twalisikia redioni, twalirudia mlangoni baada ya ibada, kisha twalipeleka shambani likiwa limekwisha badilika njiani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita ilitangazwa ya kwamba katika sehemu zetu za kanda ya kati mvua za msimu zilitarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Mimi sikulisikia tangazo lenyewe. Nililipata kwa jirani, naye alilipata kwa mwenye duka, na liliponifikia lilikuwa limebaki maneno matatu: "Mwaka huu mvua tele." Nikafurahi. Nikauacha mtama tuliouzoea, nikauza mbuzi watatu, nikanunua mbegu ya mahindi ya muda mrefu pamoja na mbolea, nikapanda ekari zote nne. Mama watoto aliniuliza jambo moja tu: "Zitaisha lini?" Nikamjibu kwamba mvua tele haiulizwi itaisha lini.

Mvua ikanyesha kweli. Desemba ilijaa, na Januari korongo letu lilivuka barabara mara mbili. Halafu katikati ya Februari, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, mvua ikakatika siku ishirini na nne. Ilirudi mwezi wa Machi kwa nguvu, ikaotesha majani mazuri sana katikati ya mabua makavu. Shuleni kwetu kuna kipimo cha mvua, na mwalimu anayekitunza alipojumlisha hesabu mwisho wa msimu alikuta kwamba mvua ya mwaka ule ilizidi wastani. Maana yake tangazo lilikuwa sahihi, nami katika ekari nne nilivuna magunia mawili.

Majirani walinipa pole wakisema, "Wale watabiri wamekudanganya." Hawakunidanganya. Walisema neno moja nami nikasikia jingine. Tangu hapo nimekuwa nikijifunza kidogo kidogo jinsi neno lao linavyotengenezwa na jinsi linavyopasa kusomwa, na hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame pamoja.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno "utabiri", maana nadhani nusu ya matatizo imo humo. Katika Biblia zetu manabii ndio wanaotabiri. Huku mitaani nako wapo wapiga ramli, nao watu husema kwamba wanatabiri. Basi mtu akisikia "utabiri wa hali ya hewa" moyo wake huingia katika mmojawapo wa milango hiyo miwili: ama hili ni neno lisiloweza kuanguka, ama ni ramli ya kukimbiwa. Mzee mmoja wa mtaa wetu hataki kabisa kulisikia tangazo hilo, kwa kuwa, asema, mvua ni ya Mungu. Simbishii juu ya hilo. Humwuliza tu kwa nini huyatazama mawingu kabla ya kuanika mtama wake.

Wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika taarifa zao za msimu, huandika "mwelekeo wa mvua". Hilo ni neno jema kuliko utabiri, na laiti sisi wote tungelishika. Mtu akikuonyesha upande ambao mbuzi wako wameelekea, hakukuahidi ya kwamba utawakuta penye mti fulani. Amekupunguzia pa kutafuta.

WANAUPATAJE

Hewa haikai na kumbukumbu. Mawingu ya leo hayawezi kukuambia habari za Februari. Lakini bahari ni kama chungu kikubwa: huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Kwa hiyo wataalamu huyatazama maji ya bahari, kwa kuwa joto lake la Septemba au Oktoba huendelea kuzisukuma pepo kwa miezi kadhaa ijayo.

Iko bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na sisi. Maji yake ya upande wa Peru yakipata joto kupita kawaida, huitwa El Niño, jina lililotolewa na wavuvi wa kule. Yakipoa kupita kawaida huitwa La Niña. Iko pia Bahari ya Hindi, iliyo jirani yetu. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza rasmi ya kwamba bahari hiyo nayo ina mizani yake: mara upande wetu wa magharibi huwa na joto kuliko ule wa Indonesia, na mara kinyume chake. Upande wetu ukizidi sana, vuli ya Afrika Mashariki huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, mvua za vuli zilipoleta mafuriko katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Baadaye La Niña ilikaa muda mrefu tangu 2020, na sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia zikapotewa na misimu mitano ya mvua mfululizo.

Sisi wa kanda ya kati tuna shida yetu ya pekee. El Niño huelekea kuleta mvua nyingi kaskazini na pwani wakati wa vuli, na huelekea kuleta ukame huko kusini mwa Afrika. Sisi tumekaa katikati ya hao wawili, kama mtoto anayeitwa na shangazi wa upande huu na mjomba wa upande ule. Kwa hiyo ishara za bahari kwetu hufifia, na mtu akikwambia "El Niño inakuja, basi Dodoma itajaa maji", mwombe akae chini kwanza.

Kazi hii nchi moja haiiwezi peke yake. Mwaka 1997, mwezi wa Septemba, wataalamu wa nchi za kusini mwa Afrika walikutana Kadoma, Zimbabwe, wakakaa pamoja mpaka wakakubaliana juu ya tangazo moja la msimu. Mwaka uliofuata nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki zikafanya vivyo hivyo Nairobi. Mikutano hiyo imeendelea, na Tanzania, kwa jinsi ilivyokaa, huhudhuria yote miwili. Kabla ya mkutano vijana wa idara za hali ya hewa hufundishwa kwa siku kadhaa, kila mmoja akiwa na takwimu za nchi yake, namna ya kuulinganisha moto wa bahari na mvua za kwao. Wengine wao walipata elimu yao Chuo Kikuu cha Nairobi, wengine katika chuo chetu cha hali ya hewa kilichoko Kigoma. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba habari za mvua yetu hutoka Ulaya. Hutoka kwa watoto wetu.

MAFUNGU MATATU

Sasa chukueni kalamu. Tuseme kuna kituo chenye kumbukumbu za mvua za miaka 30. Ipange miaka hiyo kuanzia ule mkavu kuliko yote mpaka ule wenye maji mengi kuliko yote. Halafu ikate mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la kwanza huitwa "chini ya wastani", la kati "wastani", la mwisho "juu ya wastani". Kama hujui lolote juu ya msimu ujao, kila fungu lina haki sawa: theluthi moja.

Wataalamu wanaokutana kule Nairobi, baada ya kuzitazama bahari, huyagawa upya mafungu hayo. Huweza kusema kwa mfano: asilimia 40 juu ya wastani, asilimia 35 wastani, asilimia 25 chini ya wastani. Hayo ndiyo yanayokuja kusemwa kwa ufupi "wastani hadi juu ya wastani". Yageuzeni kuwa misimu: kama tungepewa misimu ishirini iliyoanza kama huu, minane ingekuwa ya mvua nyingi, saba ya wastani, na mitano ya ukame.

Mitano katika ishirini! Hakuna mtu katika parishi yetu angelipanda basi ambalo katika safari ishirini huanguka mara tano, hasa akiwa amebeba chakula chote cha nyumba yake. Nami nilipanda ekari zote nne.

Tena hata hapo hatujamaliza. Mafungu hayo yahusu jumla ya mvua ya msimu mzima. Hayasemi itaanza siku gani, itakatika mara ngapi, wala itaisha lini. Jumla ni kama kusema kwamba mtu alikula vibaba thelathini kwa mwezi. Ni neno la kweli, lakini kama alivila vyote katika wiki mbili za kwanza, twajua hali yake tarehe ishirini na tano. Taarifa kamili ya Mamlaka hutaja pia wakati unaotarajiwa mvua kuanza na kuisha, na hutoa tahadhari zake. Hayo ndiyo maneno ambayo mwenye duka hakuyabeba. Mama watoto, ambaye hakuwa amehudhuria semina yoyote, aliuliza swali lililokuwa kubwa kuliko tangazo langu lote.

HESABU YA KIJIJI

Nilipata kufundishwa na bibi shamba mmoja, naye alifundishwa kwa utaratibu uliotungwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Afrika. Ulijaribiwa Zimbabwe, kisha kuanzia mwaka 2014 ukaingia Malawi na hapa kwetu Tanzania katika wilaya za Kiteto na Longido. Jambo lililonipendeza ni kwamba hauanzi kwa kumwambia mkulima apande nini. Wamekwisha kuja wengi wa namna hiyo, na kila mmoja alikuwa na mbegu yake mkononi. Huu huanza na kumbukumbu za mvua za kituo kilicho karibu, zikiwa zimechorwa vizuri, mwaka kwa mwaka, na wakulima wenyewe ndio wanaohesabu.

Tufanye hesabu hiyo. Mfano huu nimeubuni ili tujifunze tu, kwa hiyo asiupeleke mtu shambani. Tuseme katika misimu kumi, siku tangu mvua kuanza mpaka kwisha zilikuwa hivi: 118, 96, 131, 104, 88, 122, 109, 93, 127, 101.

Iko mbegu ya mahindi inayohitaji siku 120. Hesabuni misimu iliyofika siku 120 au kuzidi. Mtakuta mitatu: 131, 122 na 127. Iko nyingine ya siku 105. Mtakuta mitano. Uko mtama wa muda mfupi wa siku 90. Mtakuta tisa.

Mtu wa semina alipotufikisha hapo tulinyamaza kidogo. Kila mmoja alikuwa akiikumbuka mbegu yake. Halafu mzee mmoja akasema neno la busara: "Lakini ile mitatu ikifika, ile mbegu ndefu hulipa." Ni kweli. Mbegu ya muda mrefu ikipata mvua yake huzaa sana, na asiyeipanda kamwe hujinyima miaka mizuri. Hesabu haikukataza. Hesabu imekuonyesha bei yake. Mwenye ng'ombe kumi na ghala lenye akiba aweza kuinunua bahati ya tatu kwa kumi katika ekari moja. Mjane mwenye ekari moja tu na watoto watano hawezi, wala asishawishiwe na mtu.

Chini ya mstari huo andikeni mstari wa pili: siku kavu zilizofuatana nyingi kuliko zote katika kila msimu. Hapo ndipo nilipoangukia mimi. Msimu waweza kuwa na siku 130 na katikati yake pengo la siku 24, na pengo hilo likiangukia wakati wa mbelewele, urefu wa msimu haukusaidii kitu.

Na mstari wa tatu: tarehe ya kuanza. Hapa wataalamu wana kanuni nzuri. Hawahesabu mvua ya kwanza iliyolowesha vumbi. Kanuni mojawapo husema mvua imeanza pale zinapopatikana milimita 20 katika siku mbili au tatu, kisha katika siku 30 zinazofuata pasitokee ukavu wa siku 10 mfululizo. Kwa kumbukumbu za zamani waweza kuitazama kanuni hiyo yote na kuona ni miaka mingapi mvua ya Novemba ilikuwa ya kudanganya. Kwa mwaka huu huwezi kuzijua siku 30 zijazo, lakini ukijua kwamba kwenu mvua ya Novemba hudanganya mara nne kwa kumi, utabakiza mbegu ya kurudishia.

Baada ya hesabu za mvua ndipo huja hesabu za fedha. Tulichora miezi chini kwa kijiti, tukaweka punje za maharage: hizi ni fedha zinazotoka, hizi ni siku za kazi, hizi ni debe zinazoingia. Kila njia ilichorwa mara mbili, mara moja kwa msimu mzuri na mara moja kwa msimu mbaya. Kinamama walikuwa wepesi kuliko sisi wanaume, na sababu yake haikuhitaji uchunguzi: wao ndio wanaojua ghala huisha mwezi gani. Mwelekeo wa mvua hutolewa mwishoni kabisa, hapo kila mtu akiwa amekwisha jua shamba lake. Mwaka ulioelekea mvua nyingi waongeza kidogo ile mbegu ndefu. Mwaka ulioelekea ukame waipunguza au kuiacha. Unasogeza tu, hugeuzi kila kitu chini juu kama nilivyofanya mimi.

WAZEE WA MVUA NA VIJANA WA KIPIMO

Wapo watakaouliza: Je, wazee wetu hawakuwa na elimu yao? Walikuwa nayo, na sehemu kubwa ingalipo. Huko Lushoto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akiwamo Profesa Henry Mahoo, walikusanya kwa wakulima ishara wanazozitumia, za miti, wadudu, ndege na upepo, wakazilinganisha na mwelekeo wa kitaalamu.

Habari iliyo maarufu zaidi ni ya majirani zetu wa Kenya. Huko Bunyore, magharibi mwa nchi ile, uko ukoo wa Nganyi unaojulikana tangu zamani kwa elimu ya mvua. Huangalia kuchanua na kupukutika kwa miti fulani, na mienendo ya wanyama na wadudu. Tangu mwaka 2008, kwa mradi wa utafiti uliosaidiwa na Kanada na Uingereza, wazee wa Nganyi na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya walianza kukutana kabla ya msimu. Kila upande ulileta neno lake, kisha wakakaa pamoja mpaka wakapata tangazo moja, likapelekwa kwa wananchi kwa lugha yao.

Wengine huisimulia habari hii kana kwamba wazee walishinda, na wengine kana kwamba walipimwa wakapewa cheti. Mimi naona faida yake iko mahali pengine. Mtaalamu wa Nairobi huijua bahari, lakini tangazo lake hufunika wilaya nzima kwa rangi moja. Mzee hulijua bonde lake, lakini bahari ya Pasifiki hajapata kuiona, na miti aliyoizoea inakatwa. Tena watu wa pale walimwamini mzee. Tangazo lililopita kinywani mwake liliingia nyumbani, ambapo lile la redio peke yake lilibaki redioni.

DAFTARI LILILOKATIKA

Hesabu zote nilizozieleza zasimama juu ya daftari la mvua. Pasipo daftari hakuna mafungu matatu, hakuna tatu kwa kumi.

Zamani misheni, shule na mashamba makubwa mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa na vipimo vya mvua, na mtu wa kuvisoma kila asubuhi, na hesabu zilipelekwa kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mvua za babu zetu ilitoka katika madaftari ya namna hiyo, yaliyoandikwa kwa wino na watu ambao hawakujua yatatumika kwa nini.

Tazameni Rwanda. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliua watu, na pia yalivunja karibu kila kazi ya utumishi wa nchi, pamoja na vituo vya hali ya hewa. Kwa miaka kama kumi na mitano baada ya hapo madaftari ya mvua ya nchi ile yana pengo kubwa. Mkulima wa Rwanda akitaka kuhesabu misimu yake, ahesabu nini? Hapo ndipo mwanasayansi wa Ethiopia, Tufa Dinku, wa Chuo Kikuu cha Columbia kilichoko New York, alipoleta njia aliyoianzisha pamoja na wenzake. Setilaiti zimekuwa zikizipiga picha mawingu ya Afrika tangu miaka ya 1980. Picha peke yake hukosea, na kituo peke yake huona mahali kilipo tu. Wakiziunganisha, kituo husahihisha picha, na picha hujaza mahali pasipo na kituo. Ndivyo watu wa idara ya hali ya hewa ya Rwanda walivyolijaza pengo lao, na kazi hiyo walifundishwa kuifanya wenyewe. Kisha kuanzia mwaka 2016 utaratibu ule ule wa kuhesabu tuliousoma juu ukapelekwa vijijini, ukifundishwa na wakulima wa kujitolea kwa wakulima wenzao, mpaka wakafikiwa zaidi ya laki moja.

NA KAMA TABIA YA NCHI YENYEWE INABADILIKA?

Hili ndilo swali gumu, na mtu mwenye akili ataliuliza. Ikiwa dunia yapata joto, miaka thelathini iliyopita yanifaa nini?

Kwanza, tutengane na maneno ya jumla. Huku kwetu kila mtu husema "mvua zimepungua". Mahali pengi wakulima wanapotazama michoro ya kituo chao hushangaa kuona kwamba jumla ya mvua hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, wala haionyeshi wazi kwamba inakwenda chini. Tulibishana juu ya hilo nusu siku. Mwisho tukaona kwamba sababu za shamba kuwa kavu ni nyingi: udongo umechoka, majani yameisha, maji hayazami bali hukimbilia korongoni, na jua ni kali kuliko zamani. Hili la mwisho vipimo vyathibitisha. Jopo la kimataifa la wanasayansi lilieleza mwaka 2021 kwamba joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi lile la 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 hivi. Katika jopo hilo alikuwamo mtu wa kwetu: Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichaguliwa mwaka 2015 kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa kundi linaloshughulikia madhara ya mabadiliko hayo na jinsi ya kuyakabili.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo hunyonya udongo haraka mvua isiponyesha, na inaponyesha huweza kumwaga kwa mkupuo. Mtaona kwamba mambo hayo mawili, ukavu mkali na mmiminiko mkubwa, yaweza kukaa katika msimu mmoja huku jumla ikiwa ile ile. Basi ule mstari wa pili wa daftari letu, wa siku kavu zilizofuatana, utazidi kuwa na maana kuliko ule wa jumla. Hesabu za zamani ni mwongozo wa kwanza. Hatuna budi kuendelea kuziandika, maana hakuna njia nyingine ya kuona zinapoanza kutuacha.

KIPIMO CHA KOPO

Kikundi chaweza kuanza na kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, na rula ya milimita. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, na lifungwe juu ya nguzo kuku wasiliangushe. Lisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha limwagwe. Milimita moja ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Katika ekari moja ni lita 4,000 na kitu, yaani debe mia mbili. Siku ambayo hamkusoma msiandike sifuri, wekeni kistari. Sifuri maana yake mvua haikunyesha. Kistari maana yake msomaji alikwenda harusini. Mwalimu wetu asema madaftari mengi yameharibiwa na sifuri za harusini.

Nyumbani kwetu sasa ekari mbili u nusu ni za mtama wa muda mfupi, moja ni ya mahindi ya siku zisizozidi mia na tano, na nusu hubaki kwa mama watoto, ambaye hupanda apendavyo wala hanishauri. Msimu uliopita nusu ile ilikuwa ya kunde na karanga.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mwaka jana tangazo la mvua liliwafikieni kwa kinywa cha nani? Jaribuni kulikumbuka kama mlivyolisikia, kisha tafuteni taarifa yenyewe kwa bwana shamba mlinganishe.

Kwa kutumia ile misimu kumi ya mfano, mtu mwenye ekari mbili na deni la mbegu agawe vipi shamba lake mwaka ulioelekea mvua nyingi? Na mwaka ulioelekea ukame?

Ni ishara zipi za mvua ambazo wazee wa mtaa wenu bado huzitumia, na ni nani aliyeziandika?

Je, katika ofisi ya parishi, shuleni, au katika sanduku la marehemu fulani, liko daftari la mvua la zamani? Likipatikana, lisichomwe pamoja na karatasi nyingine. Mpelekeeni habari mwandishi wa somo hili kwa anwani ya gazeti.